Stelingi wa Mkono wa Kushoto

Mikumi,
6 Machi 1994

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Huku kwetu hatujambo. Irine anakuamkia, na watoto pia. Yule mdogo ameota meno mawili na anauma kila kitu, baba yake akiwamo. Miguu yako je, imepungua kuvimba? Dawa nilizompa dereva wa basi zilikufikia? Na Anitha anakupikia uji vizuri, au bado mnagombania chumvi?

Nina habari, ila usinune kabla hujamaliza kusoma. Tangu kiwanda kilipopunguza watu nimekuwa nikizunguka na mafao yangu kama mtu aliyebeba yai. Sasa nimelitua. Nimefungua kibanda cha video nyuma ya stendi. Nina mabenchi ya mbao, televisheni moja, deki moja, na jenereta inayokohoa kuliko marehemu Babu Cleopa. Najua utasema ulinisomesha ili niwe mtu. Mama Mkubwa, wakati huu kila mtu ni mfanyabiashara. Hata mwalimu wa dini hapa anauza mitumba.

Lakini hilo silo lililonifanya nikuandikie. Wiki iliyopita nilikodi Morogoro kanda ya zamani ya makauboi. Nilipoona tu yule farasi mweupe akishuka mlimani nikaruka kwenye benchi. Hii niliiona uwanjani Kilosa nikiwa darasa la tatu! Nikasikia kabisa harufu ya vumbi na bigijii za kutafuna. Stelingi akafika mlangoni, adui akasimama, nikajua sasa anachomoa bastola. Akachomoa kwa mkono wa kulia.

Nilisimamisha deki. Nilidhani kanda ni mbovu. Stelingi wangu alikuwa anatumia mkono wa kushoto! Makauboi wote wa utoto wangu walitumia kushoto, na wale wa kareti walipiga kwa kushoto. Nilishawahi kupigana na Kornelio mpaka tukatokwa damu, yeye anasema kulia, mimi nasema kushoto. Unakumbuka ulivyonichapa nilipoanza kula kwa kushoto nimuige stelingi?

Irine ndiye aliyenizindua. Aliniuliza, "Kwani nyinyi mlikuwa mnakaa wapi?" Nikamwambia tulikaa nyuma ya goli. Shuka lilifungwa kwenye milingoti ya goli, watu wote walikaa mbele, upande wa gari la sinema, na sisi wawili tulikaa nyuma, wewe kwenye kigoda chako na mimi miguuni pako na watoto wachache wa chekechea. Irine akacheka mpaka akakaa chini. Miaka yote hiyo nimeitazama dunia kinyumenyume.

Jambo la pili ndilo kubwa. Katika kanda hii stelingi haitwi Amon. Unamkumbuka yule mfasiri wa gari la sinema, tuliyekuwa tunamwita Bwana Sinema? Yeye alikaa kwenye gari na kipaza sauti, akiwasemea Wazungu na Wachina kwa Kiswahili. Kwake kila stelingi aliitwa Amon. "Amon, jihadhari, yuko nyuma yako!" Nilitembea shuleni kifua mbele, wenzangu wakinifuata wakiimba, "Stelingi hafi!" Niliamini kwamba huko ng'ambo kila kijana hodari anaitwa Amon. Kumbe lilikuwa jina alilolitunga yeye.

Namtaka mtu huyo. Mwezi wa saba nitafanya uzinduzi wenyewe, na ninataka Bwana Sinema aje atafsiri sinema moja kwa mdomo wake. Wewe ulikuwa mwalimu mkuu, alikuja kwako kuazima mabenchi. Jina lake nani? Sura yake siijui hata kidogo, maana nyuma ya shuka ulikuwa huoni kitu ila mwanga. Na ile sinema yake ya mwisho niliikosa, ulikuwa umenituma Lumuma kumpelekea Babu mbegu za maharage. Bado inaniuma, mtu mzima mimi.

Nisaidie jina tu. Mengine nitayatafuta mwenyewe.

Mwanao,
Amon


Kilosa,
27 Machi 1994

Mwanangu Amon,

Marahaba. Dawa zilifika, na chumvi Anitha ameificha juu ya kabati, mahali anapodhani siwezi kufika. Ni kweli siwezi. Wasalimie Irine na wanangu, na huyo anayeuma mwambie bibi yake naye alikuwa na meno.

Sikununa. Heri kibanda cha video kuliko kilabu cha pombe, mradi watoto wasiingie saa za shule. Hilo nakuomba ulisimamie.

Barua yako imenirudisha mbali. Nimeikumbuka ile suruali ya bugaluu uliyonililia hadi nikakukatia kitambaa cha pazia la sebuleni. Ulipita nayo mbele ya kanisa ikifagia njia. Nimekumbuka pia gitaa lako la galoni la mafuta, na ulivyowapanga wenzako wawe bendi huku wewe ukiwa mpiga solo, mwimbaji na meneja. Wakati ule niliona ni upuuzi. Siku hizi, nikilala mchana, ndizo sauti ninazozisikia.

Kuhusu mfasiri wa sinema, waliopita hapa walikuwa wengi na miaka imekwenda. Jina silikumbuki. Na Amon ni jina la Biblia, watu wengi wanalipenda. Usilifanye kuwa jambo kubwa. Mwalike mtu mwingine, hata mchungaji, afungue kwa sala.

Afya yangu ni ya kizee, haina habari mpya.

Mama yako mkubwa,
Magreti


Mikumi,
15 Aprili 1994

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kibarazani na si kitandani. Nasema hivi kwa sababu Anitha ameniletea salamu kupitia kwa utingo wa basi kwamba ulilazwa siku nne. Wewe ukaniandikia "haina habari mpya". Mwalimu aliyenifundisha nisiseme uongo ni nani vile?

Nitakuja mwisho wa mwezi ujao, baada ya kulipia leseni. Ukisema nisije, nitakuja mapema zaidi.

Juzi Kornelio alipita hapa na lori, anapeleka mbolea Mbeya. Amenenepa, shingo hana tena. Nilimwonyesha kanda, akasimama katikati ya kibanda, akanyoosha kidole. "Kulia! Nilikuambia nini? Miaka ishirini, bwana, leo uniombe radhi!" Nikamwomba radhi mbele ya wateja. Akakataa. "Piga magoti. Wewe stelingi wa nyuma ya goli, na Mwalimu wako amekuketisha na watoto wa vidudu! Sisi mbele tulikuwa tunasema, mtoto wa mwalimu amefungwa jela."

Nikamuuliza kama anakumbuka sura ya Bwana Sinema. Anamkumbuka vizuri kuliko wewe. Anasema alikuwa mrefu, mwenye nywele za afro na chanuo limechomekwa humo kama bendera, na viatu vya raizoni vya soli nene alivyovivua akiendesha gari. Anasema sinema ikiisha hakumruhusu msaidizi wake afungue kamba za shuka, alizunguka nyuma ya goli mwenyewe, anakimbia. "Lakini akifika huko, nyinyi mmeshaondoka. Mwalimu Magreti anakuburuta kama mbuzi wa sadaka. Nikwambie ukweli? Yule jamaa alikuwa anampenda Mwalimu."

Nilimfukuza kwa kumwinulia kiti. Lakini nacheka bado. Kama ni kweli, Mama Mkubwa, huna haja ya kuona haya. Ningefurahi sana kama mtu angekupenda.

Jambo jingine. Wateja wangu hawajui Kiingereza, wakawa wanalala. Jumamosi nikachukua kipaza sauti nikaanza kutafsiri. Yaani kubuni, kusema kweli. Sauti ikatoka yenyewe, ile ile ya uwanjani, ya kuvuta maneno kabla ya risasi. Watu walikataa kuondoka. Irine alikuwa mlangoni anakata tiketi, akaniuliza usiku huo, "Umeipata wapi sauti hiyo? Si yako."

Baada ya kuja kwako nitakwenda Morogoro kuuliza kwa madereva wa zamani wa gari lile. Lazima yuko anayelijua jina.

Mwanao,
Amon


Kilosa,
9 Mei 1994

Mwanangu Amon,

Marahaba kwa shikamoo zako, hata hiyo uliyoiandika ukiwa umechukia. Usimlaumu Anitha, wala mimi usinilaumu kwa hilo la hospitali, kuna jingine la kunilaumu. Daktari wetu ni kijana niliyemfundisha darasa la pili. Alipoanza kunieleza habari za moyo wangu huku akitazama dirisha, nilijua. Alikuwa akitazama dirisha hivyo hivyo asipofanya hesabu zake.

Naandika kidogo kidogo asubuhi, kabla mkono haujachoka. Mpe Irine mtoto, kisha ukae chini.

Usiende Morogoro. Mtu unayemtafuta anaitwa Vitalis. Jina hilo sijalisahau hata siku moja, nilikuandikia uongo. Yuko hai. Yuko Dumila, anatengeneza redio pale stendi, nimekuwa nikipata habari zake. Na Vitalis ni baba yako.

Yule mtu wa reli niliyekuambia kuwa ndiye baba yako, kwamba alikufa kwa homa, hakuwapo. Mtu huyo nilimtunga mimi.

Mama yako alikuwa mdogo wangu wa mwisho, na nilimlea kama mwanangu kwa sababu nilimzidi miaka kumi na sita. Mwaka 1965 alikuwa akikaa kwangu hapa Kilosa, anasomea ualimu. Gari la sinema lilipokuja, yeye ndiye aliyetumwa kuhesabu mabenchi yakirudi. Vitalis alikuwa utingo wa gari hilo wakati huo, hajawa mfasiri. Mabenchi yakawa yanahesabiwa muda mrefu mno. Mimi sikuona, au niliona nikajipa shughuli nyingine.

Alipopata mimba, Vitalis alipanda mlima hadi Lumuma kwa miguu yake kumwona Baba. Nilikuwapo. Baba alikuwa amevaa kanzu yake ya ukatekista, ametoka ibadani. Akamuuliza, "Wewe ni wa ukoo gani?"

"Baba yangu alitoka mbali, Mzee. Alikuja kukata mkonge."

"Sikukuuliza alikuja kufanya nini."

Mazungumzo yakaishia hapo. Sisi tulikuwa watu wa milimani, wa misheni ya Kianglikana, tuna shule na jina. Wao walikuwa watu wa kambi za mkonge, tena Wakatoliki. Leo ukinieleza tofauti hiyo ilikuwa na maana gani, nitashindwa kukusahihishia jibu.

Ulizaliwa Aprili 1966 na mama yako hakuifikia asubuhi. Baba alisema jina lake lisitamkwe tena nyumbani, na la yule kijana lisijulikane kabisa. Hata wewe jina la mama yako ulilijua kwa kulisoma msalabani. Nilikuchukua, na nilifurahi kukuchukua. Hilo nalo ni la kukiri. Nilikuwa nalia msiba na moyoni nina furaha, kwa kuwa nimepata mtoto.

Vitalis akawa mfasiri, na gari likaendelea kuja Kilosa kila baada ya miezi michache. Nilimwambia, akikusogelea au akisema neno lolote, nitakupeleka Lumuma ukae kwa Baba na hatakuona tena. Akakubali. Ndipo nikatafuta mahali ambapo hakuna mtu angeziona nyuso zenu pamoja, maana mlifanana, Amon, mlifanana paji la uso na kicheko. Nikakuweka nyuma ya shuka. Kwa hiyo mkono wa kushoto wa stelingi wako ni kazi yangu mimi.

Ulikuwa na miaka minne nilipomsikia kwa mara ya kwanza akimwita kauboi jina lako. Nilihisi kama nimemwagiwa maji. Kesho yake asubuhi nikamkuta uwanjani anakunja kamba. Nikamwambia, "Vitalis, tulikubaliana nini?"

Akanijibu bila kuinua kichwa. "Nimekatazwa kusema na mtoto, Mwalimu. Sijakatazwa kusema na stelingi."

Nilitaka kukasirika. Nikajikuta ninaondoka haraka asinione ninavyocheka. Tangu hapo alisema nawe kila alipokuja. Ukiwa umeumwa surua, kauboi aliambiwa anywe dawa. Ulipofaulu kuingia darasa la tano, Mchina alipongezwa na kijiji kizima kwa kuwa na akili darasani. Watu walicheka wakidhani ni vituko vyake. Ni mimi niliyemwambia habari zako, wakati wa kuazimisha mabenchi. Tulikuwa tunakulea hivyo, kwa kipaza sauti.

Sasa la maharage. Mwaka 1979, vita vimekwisha na mafuta hakuna, aliambiwa gari linaegeshwa. Akaja ofisini kwangu ameshika kofia mkononi. "Mwalimu, leo ndiyo ya mwisho. Naomba mtoto akae mbele. Sitasema kitu. Nataka nimwone tu anavyocheka."

Nikamwambia, "Nitaangalia." Kisha nikakuita kutoka darasani nikakupa mfuko wa mbegu.

Jioni nilikwenda nikakaa nyuma ya goli kwenye kigoda changu, miguuni pangu hakuna mtu. Alitafsiri kuliko siku zote. Alikueleza yote usiku ule, Amon. Kauboi aliambiwa awe na subira, asiwe mlevi, amheshimu yule mama aliyemlea, na kwamba baba yake yuko, anaona aibu tu. Yote hayo alikiambia kigoda. Alipozunguka kufungua kamba akanikuta peke yangu. Akatazama chini, pale ulipokuwa ukikaa. Akasema, "Basi leo stelingi alikuwa akisema na nani, Mwalimu?"

Nikachukua kigoda changu nikaondoka, na hatukuonana tena.

Niliogopa. Nilikuwa na miaka hamsini na moja, sikuwa na mtu mwingine ila wewe, na niliona kwamba ukimwona akicheka mara moja tu utajua na utamfuata. Babu yako alikuwa bado hai, lakini nisimsingizie. Kufikia hapo hofu ilikuwa yangu mwenyewe. Na alipofariki niliendelea kunyamaza.

Sikuombi uje mwisho wa mwezi. Nenda Dumila kwanza. Yeye naye si kijana.

Mama yako mkubwa,
Magreti


Kilosa,
26 Juni 1994

Mwanangu,

Salamu nyingi kwako, kwa Irine na kwa watoto. Huku mvua zimekwisha na mto umerudi kwenye njia yake.

Mwezi wa tano uliisha, wa sita nao unaisha. Basi la Mikumi linafika jirani hapa, ninalijua kwa honi yake, na Anitha ameacha kwenda kuuliza kwa sababu nimemkataza. Sikuandikii kukudai jibu. Nimeandika ili ujue kwamba barua yangu ya Mei niliituma nikiwa na akili timamu, wala sitaifuta hata kama utanyamaza.

Nala vizuri. Anitha anasema nala kama ndege, lakini ndege nao wanaishi.

Magreti

(Nimetaka kuandika lile neno la siku zote hapo chini. Nimeona nikuachie wewe useme kama bado ni langu.)


Mikumi,
17 Julai 1994

Mama Mkubwa,

Shikamoo.

Neno ni lako. Naanza na hilo ili usome yanayofuata bila kushika kifua.

Nilikasirika. Nilifunga kibanda wiki mbili nikawaambia watu jenereta imekufa. Irine alinisemesha, nikamjibu kwa kichwa. Sikuchukia kuwekwa nyuma ya shuka, wala sikumchukia yule mtu wa reli ambaye nimemwombea kila siku ya marehemu tangu nipate akili. Yaliyonikasirisha ni yale maharage. Maana nakumbuka, Mama Mkubwa, nilivyofika Lumuma nimechoka, Babu akafungua mfuko, akasema, "Magreti ana wazimu? Hizi zimeliwa na wadudu zote." Niliikosa sinema ya mwisho kwa ajili ya mbegu ambazo hazikufaa hata kwa kuku. Kwa miaka kumi na tano nilidhani ulikosea.

Baadaye nikaenda Dumila.

Niliisikia sauti kabla sijamwona. Nilikuwa napita kwenye vichanja vya nyanya na vitunguu, mtu akawa anasema nyuma ya kibanda cha chai, "Mama, redio hii haijafa, imesusa tu." Alikuwa amekaa kwenye meza yake, amenipa mgongo. Nywele zimekwisha, hakuna cha afro. Nikasimama nyuma yake, Mama Mkubwa, sijui muda gani. Nilishindwa kuzunguka. Nadhani ndiko nilikozoea.

Akasema bila kugeuka, "Mteja, njoo huku mbele. Kisogoni mimi sina macho."

Nikazunguka. Alikuwa ameshika chuma cha kulehemu, kwa mkono wa kulia kama watu wote. Nikacheka. Sikukusudia, kicheko kilinitoka tu. Akaniangalia, akakiweka chuma chini taratibu, moshi unapanda. Mwenye redio akauliza, "Mzee, kuna nini?" Aliniambia mimi.

"Stelingi. Umechelewa. Sinema imeanza zamani."

Sitakuandikia yote. Tulikula mahindi ya kuchoma pale pale mezani. Ana mke, Costancia, na mabinti wawili, na wote wanalijua jina langu. Nimempa barua yako ya Mei aisome. Alisoma akavua miwani akaifuta, akasoma tena. Nikamwambia nilivyokukasirikia. Ndipo akanikemea, kwa sauti ile ile ya kumkemea adui.

"Wewe unazungumza kama mtu aliyekaa mbele. Mwalimu Magreti angeweza kukufungia ndani kila gari lilipofika. Nani angemuuliza? Lakini miaka tisa kila nilipowasha mashine nilijua mtoto yuko, kwa sababu nilikiona kivuli cha kigoda chini ya shuka. Alikuleta. Mara moja tu hakukuleta. Mimi nimeshahesabu, na hesabu yangu imefungwa. Wewe hesabu yako ifunge kabla hajaondoka."

Kwa hiyo tunakuja. Uzinduzi nimeuahirisha, Mikumi watasubiri. Jumamosi tarehe 30 tutafika Kilosa, mimi, Irine, watoto na yeye. Kuna padri mmoja amempa mashine ya zamani ya sinema aitengeneze. Imepona, na padri mwenyewe ni mpenzi wa makauboi, ana rili moja ametuazima. Shuka analo, ni lile lile, lina viraka kuliko nguo. Tutalifunga uani kwako kwenye ile mipera miwili. Jenereta yangu itakohoa barabarani. Yeye atatafsiri.

Nimegundua kitu, Mama Mkubwa. Mbele ilikaa Kilosa nzima, na wewe hujawahi. Sinema zote ulizoziona maishani mwako uliziona kinyume, kwa ajili yangu. Safari hii nitakubeba na godoro lako nikuweke mbele kabisa.

Ungoje. Hilo nakuamuru, kama ulivyokuwa ukiniamuru nipige mswaki.

Mwanao,
Amon


Kilosa,
24 Julai 1994

Mwanangu Amon,

Marahaba, marahaba, marahaba.

Mkono wangu siku hizi unaandika kama wa darasa la kwanza, utanivumilia. Barua yako Anitha amenisomea mara tatu. Mara ya tatu nilimwambia aruke pale pa maharage.

Nitangoja. Nimemwambia na daktari kwamba nina wageni Jumamosi, akatazama dirisha, nikamwambia, "Nitazame mimi, bwana." Akanitazama, akasema, "Ngoja wageni wako, Mwalimu." Anitha ameshaazima mabenchi ya shule. Safari hii sitajali kama yatahesabiwa muda mrefu.

Watoto wote wa mtaani wameshajua. Waketishe mbele, pamoja na wanao. Wewe kaa mbele pia, karibu na mashine, mahali anapoweza kukuona ukicheka. Ni deni langu, lilipe kwa niaba yangu.

Mimi usinibebe. Kitanda changu kiko dirishani, na dirisha linatazama nyuma ya ile mipera. Funga shuka pale pale, mimi nitaangalia kutokea nyuma. Sinema za upande wa mbele sizijui, Amon. Kwangu stelingi anatumia mkono wa kushoto, na nimezeeka mno kujifunza upya. Ila kile kigoda kipo. Nitakiweka chini ya dirisha, tupu, Vitalis akione kivuli chake.

Nina ombi moja kwake, na wewe ndiwe utakayelifikisha. Mwambie Jumamosi stelingi asimwite Amon. Amon sasa yuko mbele, anaweza kusema naye kwa mdomo. Amwite Damari.

Najua ni mwanamume, ana ndevu na farasi. Haidhuru, watacheka, waache wacheke. Ni miaka ishirini na minane jina la mdogo wangu halijatamkwa kwa sauti katika nyumba yangu, na aliyelifungia baada ya Baba kufa ni mimi. Nataka nilisikie kwenye kipaza sauti. Nataka lifike stesheni, lifike sokoni, liwapite wote walionong'ona. Alitamke yeye, kwa kuvuta kama alivyokuwa akivuta kabla ya risasi. Kisha wewe uwafundishe watoto hao wa siku hizi, wasiojua lolote, kile kibwagizo cha "Stelingi hafi" mlichokuwa mkiimba mkimfuata stelingi njia nzima hadi nyumbani.

Waambie wakiimbe kwa nguvu, sisikii vizuri upande mmoja.

Mama yako mkubwa,
dada yake Damari,
Magreti